Chagua Kozi Kama Unavyochagua Mchele

Hapa Kagongwa hakuna anayenunua mchele kwa kutazama gunia. Mnunuzi anachoma bambo, anatoa punje kiganjani, anapuliza vumbi, anahesabu chenga, anatafuna mbili tatu, ndipo anataja bei. Na huo ni mchele utakaolala ghalani wiki mbili. Mtu huyohuyo, mwanawe akimaliza kidato cha sita, anampeleka steshenari na kumwambia kijana wa kompyuta: "Mjazie chuo chochote kizuri." Dakika kumi baadaye kozi ya miaka mitatu au minne imeshachaguliwa na mtu ambaye hataisoma. Jambo hili linaniuma, ndiyo maana naandika.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, shika bambo lako.

Lichome kwanza kwenye matokeo. Alama A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kiwango cha chini cha kuingia shahada moja kwa moja ni pointi 4 kutoka masomo mawili, lakini hicho ni kizingiti cha mlango tu. Kila kozi ina masharti yake, na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, huyachapisha kila mwaka katika kitabu cha mwongozo wa udahili. Udaktari unataka fizikia, kemia na baiolojia, zote tatu. Aliyesoma mchepuo wa HGL, usio na sayansi, hawezi kuupata hata kama mjomba wake alishaahidi ukoo mzima daktari. Soma kitabu hicho pamoja na mwanao. Kama Kiingereza cha kitabu kinakushinda, yeye akusomee huku ukimuuliza maswali.

Lichome pili kwenye dhahabu. Ukanda wetu huu, kuanzia Bulyanhulu hadi Geita, umetufanya tuamini kozi yenye soko ni ya migodi pekee. Ni kozi nzuri, sikatai. Ila Buzwagi, hapo jirani Kahama, ilianza kuzalisha mwaka 2009 na uzalishaji ukakoma 2021. Mhandisi anafanya kazi miaka zaidi ya 30. Mashine za kukoboa mpunga, ambazo ndizo zinazotulisha, tunaziendesha kwa kubahatisha, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kinafundisha uhandisi wa kilimo na sayansi ya chakula tangu zamani. Mtoto anayependa kufungua mashine na kuzifunga, mwonyeshe na njia hiyo.

Kuna wanaoulizia Uingereza. Mwalimu Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949 akarudi 1952 na shahada yake, lakini alilipiwa. Tangu 1980 serikali ya kule imewatoza wanafunzi wa kigeni gharama kamili ya masomo. Maombi ya shahada ya kwanza hupitia mfumo mmoja, UCAS, na mwombaji huchagua kozi zisizozidi tano. Wakala akikuambia ufadhili wa Chevening utamlipia mtoto aliyetoka kidato cha sita, mfukuze. Ule ni wa shahada ya uzamili. Usiuze ng'ombe kwa neno la wakala.

Sasa mahali panapoumiza wengi: karatasi na simu. Mtoto aliandikwa Shija kliniki, akabatizwa Emmanuel, shule ikamsajili kwa jina la ubatizo. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili, na cha kifo kama mzazi amefariki, na majina yakigongana bumu linakwama. Bumu hilo la chakula na malazi lilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Ndilo litakalomweka mwanao mjini. Halafu simu. Aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja kabla ya siku ya mwisho. Wengi wa watoto wetu kipindi hicho wametoka tu kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, au bado wapo. Ukijaza namba ya kijana wa steshenari, ujumbe utalala kwenye simu yake kati ya jumbe za wateja wengine. Jaza namba ya nyumbani.

Na la binti. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 uliuweka mkoa wetu wa Shinyanga juu ya mikoa yote kwa ndoa za utotoni. Msichana aliyevuka hapo mpaka kidato cha sita ameshashinda vita ambavyo kaka yake hakupigana. Nimesikia wazee wakihesabu ng'ombe wa mahari huku matokeo yake yakiwa mezani. Ni aibu, na naisema hivyo kwa Kiswahili changu chote.

Mzazi wa Kagongwa, kama binti yako yuko kambini leo, usimsubiri. Toa cheti chake cha kuzaliwa kabatini, kilinganishe herufi kwa herufi na jina la shule, na kesho asubuhi anza kukihakiki.