Baa ya Usiku, Mpaka wa Saa Tisa

Tarehe 8 Aprili 2022 Rais Tshisekedi alitia saini jijini Nairobi mkataba wa kuiingiza Congo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wino haujakauka shemeji yangu alikuwa ameshauza bodaboda zake za Mwanza. Hoja yake ilikuwa fupi: watu wa Goma wanaongea Kiswahili, wanapenda bia, na sasa ni ndugu zetu kwa mkataba. Angefungua baa ya usiku mtaa wa Mabanga. Mimi nilichukuliwa nikakae kaunta, kwa sababu najua hesabu na sinywi.

Waliotupungia mkono stendi walituonya juu ya mambo makubwa. Kuna mlima Nyiragongo, ambao Mei ya mwaka uliotangulia ulimwaga lava hadi pembezoni mwa mji. Kuna waasi wa M23, walioanza tena kupigana kule Rutshuru. Yote hayo ni kweli, na Januari 2025, M23 walipouteka mji, watu wa Goma waliyaona makubwa ambayo sina haki ya kuyafanyia mzaha. Ila kuhusu choo, hakuna aliyetuonya.

Mabanga, kama sehemu kubwa ya Goma, imekaa juu ya lava ya kale iliyoganda. Kwetu ukitaka shimo la choo unampa kijana sururu na chai ya asubuhi. Hapa walikuja wanaume wenye nyundo kubwa na patasi za chuma, wakapiga kutwa nzima, cheche zikiruka, jioni wakatuonyesha karai moja la kokoto. Malipo ni kwa mita. Shemeji akauliza mita moja huchukua muda gani. Fundi akalitazama jiwe, akamtazama shemeji, akasema, “Inategemea na jiwe, patron.” Nusu ya fedha ya spika iliishia chooni kabla choo chenyewe hakijatumiwa na mtu.

Shimo likiwa bado linafika gotini, ukaja mjadala wa nani mwenye baa. Ipo sheria ya Congo ya tarehe 8 Agosti 1990 inayowawekea raia biashara ndogondogo. Mgeni anaruhusiwa mambo makubwa, na baa yetu, kwa viti vyake vya plastiki, haikuwa jambo kubwa hata ungeitazama kwa darubini. Ikabidi atafutwe mwenyeji wa kuiandikisha kwa jina lake. Tulimpata, kijana mpole, anasalimia kwa mikono miwili. Alipokwisha kupata karatasi yenye muhuri, upole ukapungua. Alianza kuja na binamu zake, na binamu wa mwenye baa hawalipi. Wateja wakamwita yeye patron. Shemeji yangu wakamwita “Mtanzania”, na mimi “yule Mtanzania mwingine”.

Nikiri kwamba Kiswahili chetu kilipendwa. Nilikuwa nikisema tu, “Karibuni sana, mngependa niwahudumie nini?” meza nzima inacheka kwa furaha na kuniomba nirudie. Nilirudia. Wengine walileta rafiki zao waje kusikia. Kama tungetoza kiingilio kwa sarufi tungekuwa matajiri, maana bia yenyewe hawakuagiza.

Hesabu za shemeji zilisimama juu ya wateja wa Gisenyi. Gisenyi, mji wa Rwanda, iko pua na mdomo na Goma. Kutoka kituo cha mpaka cha Petite Barrière unaingia Rwanda kwa miguu, na kila siku maelfu ya watu huvuka na mboga, unga na vikapu vya nyanya. Basi, alisema, watavuka na kiu pia. Tukapaka ukuta rangi, tukaning'iniza taa nyekundu. Juni 17 askari wa Congo akapigwa risasi, akafa upande wa Rwanda wa mpaka huohuo, na Congo ikaamua mpaka ufungwe saa tisa alasiri. Baa ya usiku, wateja wake wanatakiwa wawe wameshalewa, wamelipa na wamerudi kwao kabla jua halijapoa! Shemeji, ambaye saa yake ya mkononi ilikuwa bado ya Tanzania, saa moja mbele, alidhani angalau amepata nafuu ya saa nzima. Nilimchorea kwenye karatasi. Hakunisamehe.

Tukabaki na wenyeji, na wenyeji wana fedha za namna mbili. Faranga ya Congo inapokelewa hata ikiwa imeungwa kwa gundi ya karatasi. Dola, kinyume chake, lazima iwe bikira. Muuza bia wa jumla alikuwa mama mmoja makini kuliko daktari wa macho: anaiinua noti juani, anapitisha ukucha kwenye kola ya koti la Franklin, anaipindua, anaipuliza. “Hii haipite, papa. Iko na katundu.” Katundu kenyewe mimi sikukaona hadi leo. Dola moja moja ndiyo usithubutu hata kuitoa mfukoni.

Jumamosi moja tukaita bendi. Wakongomani wana desturi ya kutupa libanga, yaani mwimbaji anamtaja mtu jina katikati ya wimbo, naye anatoa chochote. Mwimbaji wetu alimtaja patron wa karatasi mpaka akakaukiwa. Akawataja binamu. Shemeji akavumilia, mwisho akatembea hadi jukwaani na dola kumi isiyo na katundu. Mwimbaji akaibusu noti, akafumba macho, akaita kwa sauti ya kutoa machozi: “Mtanzaniaaa!” Binamu wakashangilia. Bili ya bendi tulilipa sisi.

Julai yakaja maandamano dhidi ya MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, halafu siku za mji kufungwa, na shemeji akaanza kuulizia nauli. Mnunuzi alikuwa mama muuza bia. Alizipita spika bila kuzitazama, akapita friji, akaenda moja kwa moja uani. Akatupa kokoto shimoni, akainama, akasikiliza. Akatikisa kichwa kwa heshima. Patron wa karatasi akadai fungu lake, kwa kuwa baa ni yake. “Ya kwako ni jina,” mama akamwambia. “Choo ni ya Mtanzania.”

Akalipa kwa dola. Shemeji akazipeleka juani moja moja, akapitisha ukucha kwenye kola, na safari hii katundu ka noti moja kakaonekana hata kwangu. Mama hakutetereka. Alisema hiyo tukaitumie kwetu, Tanzania wanapokea kila kitu. Mwanza, dirishani pa kubadilishia fedha, yule dada aliiinua kwenye taa, akaturudishia bila neno, akaita mteja anayefuata.