Ziwani Hakuna Kondakta

Msafiri wa Tukuyu akirudi kutoka Ziwa Nyasa, huwa amerudi na kesi. Meli ilichelewa, tenga la nyanya lililowa, simu iliisha chaji kabla ya Lumbila, kiatu cha kushoto kiliangukia majini na cha kulia kimebaki kuwa ushahidi. Katika kesi hizi zote mshtakiwa huwa mmoja tu, meli, na hukumu hutolewa hapohapo stendi, shahidi wa upande wa pili akiwa bado yuko majini. Mimi nasimama upande wa mshtakiwa. Naamini sehemu kubwa ya mikasa hiyo hupakiwa Tukuyu kabla safari haijaanza, na aliyeipakia ni barabara ya lami, ambayo imetudekeza.

Hebu tazama mafunzo anayoyapata mtu wa Rungwe tangu utotoni. Barabara ya Uyole hadi Kasumulu inapita mlangoni kwake. Akitaka gari, ananyoosha mkono popote: chini ya mgomba, mbele ya kanisa, katikati ya kona. Akitaka kushuka, anapaza sauti tu na Coaster inasimama, hata kama ilisimama hatua kumi nyuma kumshusha jirani yake. Nauli hujadiliwa. Akisahau mwavuli nyumbani (na Tukuyu bila mwavuli ni ujasiri usio na maana), anarudi kuuchukua, kwa kuwa gari jingine linakuja. Mtu aliyelelewa hivi, mwenye imani kwamba usafiri wote duniani humsubiri yeye amalize kuaga, ndiye anayeteremka Kyela siku moja, anafika bandari ya Itungi na mkungu wa ndizi, godoro na kuku wawili, kisha anamuuliza baharia kama meli inaweza kumshusha “pale mbele kidogo”.

Pale mbele kidogo hakuna kitu ila mwamba. Milima ya Livingstone inaanguka moja kwa moja majini, na ziwa lenyewe kina chake kinafika kama mita 700, kwa hiyo mlima hauishii pale jicho linapoishia. Norwe nako kuna pwani ya namna hiyo. Huko mabonde yalichongwa na barafu kisha bahari ikaingia, huku kwetu kazi hiyo ilifanywa na Bonde la Ufa, lakini matokeo kwa mwanakijiji ni yaleyale: nyumba ziko kwenye kipande cha mchanga, nyuma kuna ukuta wa mawe, na mgeni huja kwa maji. Wanorwe walianzisha meli zao za pwani, Hurtigruten, mwaka 1893, zipeleke barua, mizigo na abiria kwenye miji iliyokuwa ikifikika kwa shida. Leo njia hiyo ina bandari 34, na watalii hulipa fedha nyingi ili wakae sitahani siku kadhaa wakitazama milima. Sisi milima hiyo tunaiona kwa nauli ya kawaida, na tunaitazama tumenuna.

Atatokea mtu aseme ninawasingizia abiria, kwamba bila barabara mikasa haiepukiki kwa yeyote. Basi na twende Ikombe, ng'ambo kidogo ya Matema. Wanawake wa Kikisi wa huko wanafinyanga vyungu ambavyo sifa yake inajulikana hadi Mbeya na mbali zaidi. Chungu ni kitu kinachovunjika kwa kuangaliwa vibaya. Lakini vyungu hivyo vimekuwa vikipakiwa kwenye mitumbwi, kimoja juu ya kingine, na kuletwa katika soko la Lyulilo siku ya Jumamosi vikiwa vizima. Sasa linganisha na trei ya mayai iliyotoka Katumba kwa Coaster, kwenye lami, ikiwa mapajani mwa mwenyewe. Nani mwenye matatizo ya usafiri hapo? Mkisi anapanga mzigo akijua maji yatatikisika. Sisi tunaupanga tukitumaini dereva ni ndugu yetu.

Kushuka ndiko kunakotuumbua zaidi. Kwa miaka mingi MV Songea ilipofika mbele ya kijiji kisicho na gati, ilisimama majini na mitumbwi ikaja ubavuni kupokea watu na mizigo. Mwenyeji huteremka amekaa chini kabla hajaambiwa, viatu vikiwa tayari shingoni vimefungwa kamba. Abiria wetu anaingia mtumbwini amevaa viatu vya kanisani, anaanza kubishana nauli wakati mguu mmoja bado uko kwenye ngazi ya meli, na mchanga ukionekana tu anasimama, kama anavyosimama kwenye Coaster inapokaribia stendi. Kinachofuata kila mtu anakijua, hasa kuku.

Kutovumilia ziwa, kwa kweli, tumekurithi. Wajerumani walijenga boma lao la kwanza la eneo hili, Langenburg, pale chini ufukweni. Ilipokaribia mwaka 1900 walikuwa wameamua kupanda juu, kwenye baridi na migomba, na boma jipya likaitwa Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu yetu. Mji huu basi ulikuzwa na watu walioshindwana na ziwa. Waliobaki chini na meli yao, Hermann von Wissmann, nao yaliwakuta. Agosti 1914 ilikuwa chelezoni Liuli, ikikarabatiwa, wakati nahodha Mwingereza Rhoades alipofika na Guendolen na kuifyatulia mzinga. Nahodha Mjerumani, Berndt, ambaye kwa miaka alikuwa akinywa na Rhoades, alipanda mtumbwi na kumfuata kwa hasira, akiuliza kama swahiba wake amelewa. Rhoades akamweleza kwamba nchi zao zinapigana, kisha akamteka. Vita ilikuwa na zaidi ya wiki moja. Ikiwa nahodha wa meli hakupata habari za vita kwa wakati, abiria anayemuuliza baharia kila nusu saa “tunafika saa ngapi?” anadai huduma ambayo ziwa hili halijawahi kuiahidi.

Kuna hoja moja sitaifanyia mzaha. Mama mjamzito wa Lumbila hahitaji insha kuhusu subira. Anahitaji barabara, zahanati na gati, na anayezuia vitu hivyo kwa kisingizio cha uzuri wa mandhari aende akakae huko masika moja. Wala sitetei injini mbovu: meli ikikwama kwa uchakavu, hilo ni la mwenye meli. Ndiyo maana MV Mbeya II, yenye uwezo wa abiria 200 na tani 200 za mizigo, ilipozinduliwa Januari 2021 ilipokelewa kwa vigelegele. Lakini meli mpya haibadilishi upepo wa kusini, ambao kati ya Mei na Agosti unaweza kuligeuza ziwa kwa muda mfupi tu. Nahodha akisubiri upungue, sisi husema amechelewesha safari, ilhali mvuvi wa Matema ameshavuta mtumbwi wake mchangani na kwenda kulala, na hakuna anayemshtaki.

Kwa hiyo ukishuka Kyela wiki ijayo, acha godoro nyumbani, chukua chakula cha siku mbili kwa safari ya siku moja, na chenji ya mwenye mtumbwi iwe mkononi kabla hujafika ngazini. Bei iulizie ukiwa bado juu ya meli.