Mlango Wenye Masharti

Zamani, ukipanda gari langu hapa Namatala, kabla hujaketi nilikuwa nakupa somo. Uinue mlango kidogo kwa goti, uuvute, kisha uusukume kwa kiwiko karibu na kitasa. Usiubamize. Watu wote huubamiza. Shemeji yangu huubamiza huku akinitazama usoni.

Gari lenyewe ni Volkswagen Beetle la mwaka 1969, lile lenye mgongo wa kobe, nililorithi kwa baba pamoja na madeni yake mawili. Marehemu hakuchoka kutukumbusha kwamba magari ya aina hii yalishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, enzi za mbio kukatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Sibishi. Ila washindi wale hawakuwa wakimpeleka mke wangu sokoni siku wingu limeshuka kutoka mlima Wanale. Mvua ikianza, upande wake ulikuwa unavuja hadi anakunjua mwavuli ndani ya gari. Watu wa boda boda wakituona hupunguza mwendo ili wafaidi vizuri. Kiangazi nako ilikuwa vumbi: anatoka nyumbani na gomesi ya bluu, anashuka na ya kahawia.

Fundi wa kwanza, kijana mwenye maneno mengi, alisema kasoro ni mpira. Akakata vipande vya tyubu ya lori, akavibandika kwa gundi kuzunguka mlango wote. Kisha, kwa ukarimu ambao hakuna aliyemwomba, akaona vitundu chini ya mlango akaviziba kwa puti. "Mzee, maji yalikuwa yanapita hapa."

Kweli yalikuwa yanapita hapo. Yalikuwa yanatoka! Maji ya mvua huteleza kwenye kioo yakashuka ndani ya mlango, na vitundu vile ndiyo njia yao ya kwenda zao. Yeye akayafungia ndani. Baada ya wiki mbili za mvua, kila nikikata kona nasikia chubwi, chubwi, kama mtu aliyebeba dumu la maji kichwani. Mlango ukawa mzito, ukazidi kulala, bawaba zikalia. Nami nilikuwa nimeshamlipa, tena na chai nikamnunulia.

Nikahamia kwa mzee mmoja, fundi wa bodi, mwenye miwani iliyofungwa waya. Hakusema kitu. Akachukua bisibisi, akazibua vitundu, na maji yenye kutu yakamwagika hadi watoto wakaja mbio. Mmoja akainama akachungulia kutafuta kamongo.

Halafu mzee akafungua kile chuma cha kwenye nguzo kinachodaka kitasa, akakiweka mfukoni. Nikamuuliza mlango utashikwa na nini. "Na uache useme ukweli kwanza," akanijibu. Kumbe chuma kile kilikuwa kikiuvuta mlango kwa nguvu na kuficha kwamba umeshuka. Bila hicho, mlango ukalala kama mlevi wa malwa aliyenyang'anywa mrija.

Akatia jeki chini ya gari, katikati, akapandisha polepole. Mlango ukajifunga wenyewe, laini, kama wa benki! Nikapiga makofi. Akashusha jeki, ukakataa.

"Sasa mzee, niwe naendesha juu ya jeki?"

Akanionyesha kizingiti kwa chini. Ndani yake mna mfereji wa chuma ambao Wajerumani waliutengeneza upitishe hewa ya moto kutoka kwenye injini, wapate kupasha miguu. Hapa Namatala, ambako nahitaji mtu wa kunipoza! Na chuma hichohicho ndicho kinachobeba kiuno cha gari. Kilikuwa kimeliwa na kutu, gari likapinda, mlango ukawa unalaumiwa bure. Ikabidi kukata na kuchomelea kwa siku nne, kwa hesabu ambayo mke wangu hajaambiwa.

Kisha bawaba, na nyundo nyingi. Mpira mpya ukawa wa mwisho kabisa. Mzee akaniomba noti ya elfu moja, akaibana kati ya mpira na bodi, akafunga, akaivuta. Ikitoka kirahisi, mpira haujashika. Alifanya hivyo kila baada ya shubiri moja, mlango mzima, akisogeza kile chuma cha nguzo unywele kwa unywele. Mahali pa mwisho noti iligoma kutoka ikabaki nusu. "Sasa umeshika," akasema, akanirudishia nusu yangu.

Nikaenda kumchukua mama watoto kwa mbwembwe. Akaingia, akavuta mlango. Ukadunda. Akavuta tena. Ukadunda. Nikarudi kwa mzee mbio. Akacheka, akanieleza kwamba Beetle likizibwa sawasawa hewa haina pa kutokea. Marekani kampuni iliwahi hata kulitangaza likiwa linaelea majini. Ukitaka kufunga mlango, teremsha kioo kidogo.

Nikateremsha. Mlango ukafungika vizuri, tena kwa kidole. Tulipofika sokoni wingu likafunguka, na mke wangu akashika kile kipini cha kupandishia kioo. Kikabaki mkononi mwake.

Hakusema neno. Alikunjua mwavuli tu.