Jinsi ya Kuiua Njia ya Baiskeli kwa Masika Moja

Wengi hapa Ngara hudhani njia ya baiskeli hufa yenyewe, kwa uzee. Si kweli. Mvua peke yake haiwezi kuiua. Inahitaji mwenyeji wa kuionyesha pa kupita. Mwenyeji huyo ni wewe, na baiskeli yako ya Phoenix, na mikungu minne ya ndizi uliyoifunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Kazi hii nimeifanya miaka mingi kwenye njia moja inayoshuka kutoka migombani kwetu hadi barabara ya Rulenge, na leo njia hiyo ni korongo ambalo mbuzi akitumbukia anasikika tu. Ujuzi huu sitaki nife nao.

Kwanza, chagua siku. Kiangazi cha Juni hadi Agosti hakifai. Udongo wetu mwekundu ukikauka huwa kama tofali, tairi linapita bila kuacha hata jina. Subiri masika. Mvua inyeshe usiku kucha, nawe uondoke alfajiri kabla jua halijachomoza, udongo ukiwa bado kama ugali ambao haujaiva. Hapo tairi lenye mzigo litachora mfereji mwembamba, ulionyooka, kutoka kileleni hadi bondeni. Usiudharau wembamba wake. Mvua ya jioni itaukuta, itaingia humo, itateremka bila kupinda kokote, na kila siku itaondoka na udongo kidogo. Kufikia Mei pedeli itakuwa inagonga kingo zote mbili. Jirani yako anayesubiri hadi saa nne asubuhi, njia ikauke kidogo, mcheke. Ndizi haziivi kwa saa tatu, lakini yeye hajui haraka ni kitu gani.

Pili, dimbwi. Usipite katikati yake kamwe. Huko chini mara nyingi kuna udongo mgumu uliokanyagwa miaka yote, na hasara yako ingekuwa suruali tu. Zunguka pembeni, kwenye majani. Kesho pembeni pamekuwa dimbwi. Zunguka pembeni ya pembeni. Watu wa Dar es Salaam walihitaji serikali na wakandarasi kupata barabara ya njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha. Sisi tumepata njia sita katikati ya shamba la maharage la mtu, bila zabuni.

Tatu, breki. Katika Marin County, California, mwaka 1976, vijana waliokuwa wakiteremka mlima kwa baiskeli kuukuu za breki ya kukanyaga nyuma walianzisha mashindano yaliyoitwa Repack. Jina lilitokana na grisi ya ndani ya habu: iliungua mpaka ikatoa moshi, ikabidi habu ijazwe grisi upya baada ya mteremko mmoja tu. Kutoka kwa vijana hao na wenzao ndiko ilikozaliwa biashara ya baiskeli za milimani inayojulikana dunia nzima. Hapa kwetu grisi haikuwahi kuungua, kwa sababu breki ni katambuga: unatoa mguu kwenye pedeli, unaubana kwenye tairi la nyuma, na unanusa mpira ukila mpira. Ila kwa kuua njia, katambuga ni laini mno, linapunguza mwendo taratibu. Unachotaka ni kulifunga tairi la nyuma lisizunguke kabisa, liburuzike mita kumi na kukwangua ngozi yote ya juu ya njia. Kona zifanyie hivyo zaidi. Asiyeamini udongo ukivuliwa nguo unakimbia kiasi gani awaulize wazee wa Benaco, walioona vilima vikibaki bila miti baada ya mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofika kwa malaki na kila familia ikawa inatafuta kuni.

Nne ndiyo yenyewe, na hapa naomba utulie.

Kwenye mteremko wowote uliotunzwa utakuta makinga maji. Ni mfereji mfupi uliochimbwa kwa jembe kukata njia mshazari, udongo wake ukawekwa upande wa chini kama tuta dogo. Maji yakifika hapo yanatolewa njiani, yanamwagwa kwenye majani, yanatulia. Hatua kadhaa mbele kuna mengine. Bwana shamba atakueleza kuwa ni ndugu wa matuta ya fanya juu ya shambani. Yeye anasema mengi. Wewe unachojua ni kwamba baiskeli ikipita hapo inaruka, mzigo unacheza, na mkungu wa juu unachubuka. Kwa hiyo shuka, ng'oa bonge la udongo, jaza mfereji nalo, weka gome la mgomba juu, kanyaga. Dakika mbili.

Mimi niliyafukia matatu, asubuhi moja ya Machi. Jioni mvua ikaja. Maji yaliyokuwa yakitoka njiani mara tatu sasa hayakutoka hata mara moja. Yalishuka pamoja, yakaikosa kona ya chini, yakaingia kwa bibi mmoja na kuondoka na lundo la samadi alilokuwa amelikusanya tangu Krismasi. Kesho yake nilimkuta amesimama njiani, jembe begani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hiyo baiskeli ina breki?"

"Inayo, bibi."

"Sasa maji umeyanyima breki kwa nini?"

Nikatazama mnyororo wangu, kana kwamba umelegea.

Wasomaji wa Biharamulo wasijione wameachwa. Ukishapita Lusahunga kuelekea Nyakanazi ardhi inatandaa, kuna miombo na mchanga, na mteremko wa kuburuzia tairi ni wa kutafuta. Huko njia inauawa kwa upana, na chombo chake ni mkaa. Magunia matatu kwenye baiskeli, saa nane za usiku, bila tochi. Kwa kuwa bwana miti ameshaijua njia ya jana, leo fungua nyingine, na kesho nyingine, mpaka msitu uwe na vijia vingi kuliko miti. Angalizo moja tu: tangu 2019 sehemu ya mapori ya Biharamulo ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Askari wa hifadhi hapendi hadithi ya baiskeli iliyopotea njia yenyewe.

Tano, lawama. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilianza kazi 2017 na ina barabara za wilaya za kushughulikia. Kijia chako cha kushushia ndizi hakina kibao wala namba, na greda haliwezi kupita kati ya migomba miwili. Hiyo isikuzuie. Ilaumu hivyohivyo. Ng'ambo ya Rusumo, Wanyarwanda hutoka Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi kwa umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, majembe mkononi. Wakitajwa, sema "wale wanalazimishwa" kisha ugeuke upande wa pili wa kitanda. Septemba 2025 Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, tulikaa kijiweni tukitazama kwenye simu, na tulikubaliana kwa kauli moja kwamba hata sisi milima tunayo.

Nikiri jambo moja linaloharibu sifa yangu. Bibi yule hakunishitaki kwa mwenyekiti wa kitongoji. Alinikabidhi jembe. Nilifukua yale matatu, nikachimba na la nne pale kwenye kona, mshazari, tuta upande wa chini, huku yeye amekaa juu ya jiwe akinielekeza kwa kidevu. Mikono iliota malengelenge yaliyonizuia kushika usukani siku mbili.

Siku ya tatu nilipita hapo asubuhi na mapema, mvua imekatika punde tu. Kijana mmoja alikuwa amesimamisha baiskeli yake, mikungu mitano, anasukuma udongo mferejini kwa mguu.

"Shikamoo mzee," akasema. "Hivi nani amechimba shimo katikati ya njia ya watu?"

Nikamwambia sijui.