Hema na Hema

Nasikia wataalamu wa miji iliyosongamana wamegundua nyumba ndogo: chumba kimoja, inabebeka, haichafui mazingira. Hongera zao. Wilaya ya Kilosa inazo siku nyingi. Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, maelfu walibaki bila makazi, wakagawiwa mahema. Wapo walioyazoea kuliko walivyopenda. Hao waliitwa waathirika. Mikumi, wilaya hiyohiyo, anayelala kwenye hema huitwa mtalii. Hulipa, na tembo akipita nje hapigiwi madebe, hupigwa picha. Kosa la Kilosa, nadhani, ni kukaa bure. Laiti mahema yale yangelipiwa kwa usiku, tungekwisha kuyapa tuzo ya usanifu.