Tambi Zilizoipita Kyela

Mchele wa Kyela unasifika Tanzania nzima kwa harufu yake, na Kyela yenyewe ni mteremko tu kutoka Tukuyu. Lakini mpishi wa Kawetele, hapo hapo Tukuyu, aliyeamua kupika pad thai hababaishwi na ujirani. Anaagiza pakiti ya tambi za mchele Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, nayo ilishavuka bahari kutoka Thailand.

Chakula hiki kina siasa. Plaek Phibunsongkhram, waziri mkuu wa Thailand kuanzia 1938 hadi 1944, aliwahimiza wananchi wake wale tambi kwa ajili ya taifa. Kawetele haijahimizwa na waziri yeyote, imejitolea.

Kazi iko jikoni. Tambi huloweshwa mpaka zilegee, kisha hukaangwa kidogo kidogo kwenye karai lenye moto mkali. Mwenye haraka humwaga pakiti nzima kwa mpigo, mkaa ukazidiwa, na kinachopakuliwa kinamegeka tonge kama ugali. Ukwaju, karanga na mayai si tatizo. Choroko zikilowekwa na kufunikwa huota zenyewe, ingawa baridi ya Tukuyu huzichelewesha. Mtihani ni sosi ya samaki. Usipa wakavu wa Ziwa Nyasa, wakikaangwa na kupondwa, wangeokoa jahazi, ila mpishi anaona watamwaibisha: Thailand gani hiyo yenye macho ya dagaa?

Mgeni, Mnyakyusa mwenye adabu zake, anamaliza sahani, anashukuru, kisha anauliza kama ndizi bado ziko jikoni.