Mwenda kwa Miguu wa Kitengela: Makazi Yake, Tabia Zake na Maadui Wake

Mwenda kwa miguu wa Kitengela ni mkazi wa kaunti ya Kajiado ambaye msimu wa mvua hutoka nyumbani na jozi mbili za viatu, moja mguuni na nyingine mkobani. Idadi yake imepanda kwa kasi. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 58,167 mjini humo, ile ya 2019 ikahesabu 154,436. Watu walifuatwa na nyumba za kupangisha, nyumba zikafuatwa na maduka, na pikipiki zikafuata kila kitu. Vijia vya miguu bado viko njiani vinakuja.

Kabla yake eneo hili lilikuwa na waenda kwa miguu wengine. Kitengela iko kwenye nyanda za Athi-Kapiti, ambako nyumbu na punda milia walizoea kuingia na kutoka katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946. Upande wa kusini wa mbuga hiyo uliachwa wazi makusudi ili wapite, na kuanzia mwaka 2000 palikuwa na mpango wa kuwalipa wenye mashamba kwa ekari wasizungushe ua kwenye ushoroba wa wanyama hao. Binadamu anayetoka mtaa wa Noonkopir alfajiri kwenda viwanda vya EPZ hajawahi kulipiwa hata hatua moja. Ana kijia tu, nacho huhama kila ploti inapozungushiwa mabati. Jioni kilipita hapa, asubuhi kuna lango jekundu na mbwa anayetaka kujua anatafuta nani.

Adui wa kwanza ni udongo. Udongo mweusi wa Kitengela hupasuka wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha hufura na kung'ang'ania soli kama mdai aliyeahidiwa Ijumaa. Kila hatua huongeza uzito na kimo, hivyo mtu mfupi hufika steji akiwa mrefu, lakini mrefu kwa mguu mmoja zaidi ya mwingine. Zamani dawa ilikuwa mifuko miwili ya nailoni iliyofungwa vifundoni. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo, kwa adhabu inayofika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4, na hakuna kiatu kilichowahi kuuzwa Kitengela kwa bei ya kustahili kujihatarisha hivyo.

Buti za mpira zikachukua nafasi. Msafiri huzivaa hadi steji, akabadilisha kwenye kibanda cha mtu anayemfahamu, akaziacha hapo na kupanda matatu akiwa nadhifu. Mfumo huu hauna kasoro hadi jioni. Chini ya meza ya kibanda kuna jozi chungu nzima, zote nyeusi, zote zina tope la rangi ileile, na stima imepotea. Kila mmoja huingiza mkono gizani na kuvuta zinazomfaa kwa kupapasa. Wapo wanaofika nyumbani na buti mbili za kulia. Mwenye mbili za kushoto hujulikana kesho yake kwa mwendo wake, na hupokewa kibandani kwa furaha ya ndugu aliyepotea.

Adui wa pili ni kando ya barabara yenyewe. Pale palipowekwa kabro, mwenda kwa miguu huwa wa mwisho kupata habari. Wa kwanza ni mama wa viazi, kwa sababu kabro haina tope. Wa pili ni muuza mitumba, ambaye hutandaza turubai na kudondosha juu yake kilima cha sweta. Wahudumu wa boda boda huegesha kwa mstari, wakala wa M-Pesa huleta mwavuli wa kijani, duka la simu hutoa nje spika kubwa kuliko mwenye duka. Hakuna wa kulaumiwa peke yake. Kila mmoja amefika pale kwa sababu watu wanapita pale, na watu hawapiti tena pale kwa sababu kila mmoja amefika. Mwenda kwa miguu hushuka kwenye lami, na dereva anayempigia honi humuuliza kwa ishara ya mkono iwapo kichwani mwake kuna kitu.

Kati ya kabro na lami kuna mtaro. Vifuniko vya chuma vina maisha mafupi nchini, kwa kuwa chuma chakavu kina bei. Januari 2022 serikali ilifikia hatua ya kusimamisha biashara hiyo yote kwa muda, ingawa kilichoikera hasa kilikuwa nguzo za umeme kuangushwa. Kutumbukia mtaroni kuna utaratibu wake. Karani anasoma ujumbe kwenye simu, mguu mmoja unakosa ardhi, na ghafla anaongea na watu walio juu yake. "Pole!" husikika kutoka pande zote kabla hata hajafika chini. Kisha huja swali kama simu imepona. Muuza tishu hufika wa tatu, na kwa kawaida humtangulia mtu wa kumpa mkono. Aliyeanguka hununua tishu, hujipangusa, kisha hutazama shimo kwa ukali kidogo, kana kwamba ndilo lililokosea njia, akaendelea na safari.

Adui wa tatu, na wa hatari, ni barabara ya Namanga. Hii ni njia ya Arusha: inabeba malori ya mizigo, malori ya saruji, matatu zenye haraka na magari ya watu wanaoiona Kitengela kama kitu cha kuvumilia hadi Isinya. Sheria inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika miji na vituo vya biashara, na kikomo hicho hutimizwa kikamilifu wakati wa foleni. Foleni ikifunguka mambo hubadilika. Anayevuka husimama ukingoni, huinua mguu, huurudisha, huangalia kulia, huangalia kushoto, halafu huangalia kulia tena kwa ajili ya pikipiki inayokuja kinyume na mtiririko wote. Wanaosubiri huungana bila kujuana. Wakishafika watano au sita, mmoja hutoa mkono mbele na kundi zima humfuata kwa imani ambayo asingeipata hata kutoka kwa familia yake.

Wenye subira husubiri ng'ombe. Dereva ambaye hakumwona mwalimu mwenye koti jeupe humwona ng'ombe kutoka mbali, kwa sababu bei ya ng'ombe inajulikana na mwenyewe yuko hapohapo na rungu. Kuelekea Isinya, mifugo ikianza kuvuka barabara husimama pande zote. Hapo wanafunzi huingia ubavuni mwa kundi, mama mwenye kapu la nyanya hujipenyeza nyuma ya fahali, na mzee mwenye baiskeli hufunga msafara. Ni kivuko kizuri. Hakina rangi ya kufutika, na kikitoka nje ya ratiba hakuna wa kulalamikiwa.

Sheria inamtambua mwenda kwa miguu kwa njia mbili. Katika orodha ya faini za papo kwa papo ya 2016, akizuia magari kwa makusudi hutozwa shilingi 500, na anayeendesha gari juu ya njia ya miguu hutozwa 5,000. Kwa hesabu hiyo dereva anakosea mara kumi zaidi, jambo ambalo pikipiki inayopita katikati ya viazi bado haijaelezwa. Katika hili ucheshi una mpaka. Zaidi ya watu 4,000 hufa kila mwaka katika barabara za Kenya, na zaidi ya theluthi yao walikuwa wakitembea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu mzima akigongwa na gari la kilomita 50 kwa saa, uwezekano wa kufa hauzidi asilimia 20. Likiwa la kilomita 80 unakaribia asilimia 60. Tofauti hiyo ni tuta moja.

Tiba inayopendwa na wenye kupanga ni daraja la miguu. Daraja humwondoa mtu barabarani na kumpandisha juu na mzigo wake, mtoto wake na magoti yake, ili gari lisipunguze mwendo. Barabara ya Thika, iliyozinduliwa mwaka 2012, ilipewa madaraja mengi, na chini yake watu waliendelea kukimbia. Wahandisi waliita hilo ukaidi. Ukipima urefu wa ngazi, kwenda na kurudi, mara mbili kwa siku, huonekana ni hesabu. Kivuko cha barabarani kilichoinuliwa kama tuta, chenye kisiwa cha kupumzikia katikati, kinamtaka dereva akanyage breki badala ya kumtaka bibi apande ghorofa. Kinahitaji saruji, na saruji inatengenezwa jirani tu, Athi River. Inapita Kitengela mchana kutwa ikienda kwingine.

Tiba nyingine ni ndogo zaidi. Vifuniko vya mtaro vikiwa vya zege havina mnunuzi. Boda boda zikipewa eneo lake na mama wa viazi meza yake, nusu ya kabro hurudi. Mwaka 2019 barabara ya Luthuli jijini Nairobi ilipunguziwa nafasi ya magari na kuongezewa ya miguu, na maduka hayakufungwa kwa msiba huo. Kizuizi kikubwa ni kujua wa kumwomba. Sheria ya Barabara ya 2007 iliunda mamlaka tatu, ya barabara kuu, ya mijini na ya vijijini, na kaunti zikaja na zake baadaye. Mtu anayetoka nyumbani hadi steji huvuka himaya kadhaa bila pasipoti, na shimo daima huwa mpakani.

Mji wa Kajiado, makao makuu ya kaunti, una udongo na boda boda vilevile, lakini una kitu ambacho Kitengela haina. Reli ya kutoka Konza kwenda Magadi, iliyojengwa katika miaka ya 1910 kubeba magadi, hupita hapo. Imenyooka, imeinuliwa juu ya tope, haina viazi, haina mitumba, na hakuna aliyewahi kuegesha juu yake akarudi kulikuta gari lake. Wakazi huitembea kwa utulivu mkubwa, wakiyapima mataruma kwa hatua fupi. Ndiyo njia bora ya miguu katika eneo zima, ila siku treni ya magadi inapoihitaji.